Nyumba Isiyopigwa Hodi

Gongo la Mboto watu wanajuana mpaka vyungu. Ukinunua nyama nusu kilo, kabla haijachemka mtaa mzima umeshajua ni ya mchuzi au ya kukaanga. Lakini kwa Mzee Talha, muuza mkaa wa karibu na reli, umbea wote uligonga mwamba. Walijua hana baya na mtu. Walijua sauti yake imekauka, kutwa ananong'ona kama mwenye mafua yasiyopona. Na walijua nyumba yake haipigwi hodi. Zaidi ya hapo hawakujua kitu.

Nyumba yenyewe ya tofali za saruji, vyumba viwili na sebule, na mbele haina mlango. Fremu ipo, pazia la kitenge lipo, mlango hamna. Mgeni akifika akaanza tu kufungua kinywa, Talha humkata: "Ingia! Ingia tu, hapa hatupigi hodi." Wengine walicheka, wengine walinuna, maana mtu aliyelelewa akaleleka utamwambiaje aingie kwa watu kimya kimya kama mbuzi? Apolonia, jirani aliyekuwa akikaanga mihogo barazani kwake, ndiye aliyemvaa siku moja bila kupepesa macho.

"Mzee Talha, sasa mwizi akija?"

"Mlango haumzuii mtu, mama," Talha akanong'ona. "Kinachomzuia mtu ni mwenye nyumba kunyamaza."

Apolonia akaguna, akageuza mihogo yake. Makubwa haya, akasema moyoni, vumbi la mkaa limempanda mzee kichwani.

Halikumpanda. Talha alikuwa na akili zake zote, na laiti asingekuwa nazo angelala vizuri. Ngoja nikwambie alikotoka. Nchi siitaji, na usiniulize, maana waliofiwa bado wapo na wanasikia. Ni ng'ambo ya ziwa, basi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeshika moto, kuna wenye serikali na kuna wenye msitu, na katikati yao kulikuwa na kijana mmoja, jina lake si Talha, mtanashati, shati limepigwa pasi, na sauti. Weee, sauti! Ilikuwa nzito na laini kwa pamoja, mtu akiisikia anadhani ni mjomba aliyempoteza siku nyingi. Wenzake walijifunza kupanda milima na bunduki. Yeye wakubwa wake walimwona wakasema huyu hatumpeleki mlimani, huyu tunampeleka majumbani.

Kazi yake ilikuwa hivi. Wakitaka mwanasiasa fulani aondoke, hawakumvizia njiani wala kulipua gari. Walimtuma kijana mchana kweupe, saa ya chakula, wakati walinzi nao wanakula na macho yamelegea. Kijana anasimama mlangoni, anaita: "Hodi, hodi, wenyewe!" Wa ndani wakijibu "karibu," anaingia, bastola iko kwenye mkoba wa karatasi kama mtu aliyeleta zawadi. Akimaliza anatoka kwa mwendo ule ule. Wakubwa wake walimwita Mgeni.

Na alikuwa na kanuni moja, aliyojiwekea mwenyewe. Asipokaribishwa haingii. Ataita mara tatu kwa adabu zote, na kimya kikizidi anageuka anaondoka, hata awe amesafiri siku mbili. Yuko mkubwa mmoja wa chama anayekula pensheni yake mpaka leo, hajui kwamba alipona kwa sababu siku ile walikwenda msibani na mtumishi aliyebaki alikuwa bafuni. Kijana alijiambia kwamba aliyesema karibu amefungua mwenyewe, lawama haziko zote kwake. Uongo mtupu, bila shaka! Lakini ndio uongo uliomlaza usingizi, na mtu akishapata uongo wa kulalia hauachii.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kwa katibu wa chama kimoja, katika mji ulio ukingoni mwa ziwa, mtaa wa Waswahili. Aliita hodi. Aliyemjibu hakuwa katibu. Ilikuwa sauti ya mwanamke kutoka uani, pamoja na mlio wa samaki kwenye mafuta: "Karibuuu! Pita ndani mgeni wetu, chakula kinaiva sasa hivi." Akapita. Katibu alikuwa kwenye kochi, miguu mitupu, akamtabasamia. Kijana akafanya alichotumwa. Alipokuwa anavuka kizingiti kutoka, akamsikia yule mwanamke tena kule uani, mafuta yanamlilia, hajaelewa ule mlio ulikuwa wa nini. "Mgeni, usiondoke bwana, bado kidogo tu!"

Kwa kazi zote alizofanya, neno hilo ndilo lililomvunja. Hakurudi kwa wakubwa wake. Alivuka ziwa na boti ya dagaa, akakaa kambini Kigoma na wakimbizi waliokimbia watu kama yeye, kisha akapanda treni mpaka ilipomshusha Pugu. Akauza mkaa kwa sababu mteja wa mkaa anakuja mwenyewe, huendi kwenye mlango wa mtu. Akampata Chausiku, Mzaramo wa hapo hapo, mwanamke wa vicheko na kelele, akasilimu, akapewa jina la Talha, akaoa. Na sauti yake ile akaizika. Tangu siku aliyoshuka kwenye treni hakuna aliyemsikia akiongea ila kwa kunong'ona.

Sasa, hodi ilianza mwaka ule ule walipohamia nyumbani kwao.

Alikuwa peke yake, anakula wali na mchicha. Nje jua kali, mtaa umetulia. Mlangoni mtu akaita: "Hodi, hodi, wenyewe!" Mkono wa Talha ukabaki hewani na tonge, maana sauti ile aliijua. Ilikuwa yake. Yake ya ujana, nzito na laini, haina kovu hata moja. Ikaita mara ya pili. Ikaita mara ya tatu, kwa adabu zote. Talha jasho linamtiririka, meno ameyauma. Kisha hatua zikaondoka taratibu mchangani. Alipotoka kuchungulia hakuna mtu, na mchanga aliofagia Chausiku asubuhi bado una michirizi ya ufagio, haukukanyagwa.

Siku ya pili akaenda kuung'oa mlango na bawaba zake, akaugawa. Mlango wa nini? Aliyekuwa anamwita alikuwa hazuiliwi na mbao. Alikuwa anazuiliwa na kanuni. Ndiyo maana wageni wa kweli walikatazwa hodi pale, ili hodi ikisikika Talha ajue ni nani na afunge mdomo. Haikuja kila siku. Ilikuja siku yoyote iliyotaka, mradi iwe saa ya chakula. Mwaka ule yalipolipuka mabomu kwenye kambi ya jeshi na watu wa Gongo la Mboto kukimbia hata viatu wameacha, Talha alikaa barazani anakunywa chai, watu wakasema mzee ana moyo wa jiwe. Moyo gani? Mabomu hayaombi ruhusa ya kuingia, ndiyo maana hakuyaogopa.

Chausiku hakuwahi kuisikia. Binti yao Najma ndiye aliyeisikia, mara moja, angali mdogo wa kutambaa na kusimama. Unajua watoto wa kwetu wanavyofundishwa, kabla hajajua kuomba maji ameshajua kuitikia karibu, na watu wazima wanampigia makofi. Mtoto amekaa sebuleni anagonga sufuria na mwiko. Mara akaacha kugonga. Akageuza uso mlangoni, akatabasamu, akafungua kinywa. "Ka—"

Talha alimrukia. Alimziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia kifuani, akabaki hivyo hatua zikiondoka nje, mpaka Chausiku alipotoka chumbani na kumkuta mtoto macho yamemtoka.

"Baba Najma! Unamuua mwanangu? Una wazimu?"

"Alitaka kumeza kitu," Talha akanong'ona.

Chausiku alimnunia wiki nzima. Na Najma akakua, akasahau, akawa mwanamke mzuri mwenye mdomo wa mama yake, akapata kazi duka la dawa kule Sinza. Huko akakutana na Anwar, fundi simu, kijana mpole anayecheka kwa macho. Wajomba wa Anwar wakaleta posa, wazee wakaongea, mambo yakanyooka. Nyumba nzima ilikuwa furaha tupu mpaka jioni moja Najma alipokuwa anachambua mchele na mama yake.

"Baba, wewe na mama mkwe wangu mtapatana kweli," akasema huku anacheka. "Wewe hutaki hodi, yeye hajibugi hodi! Anwar anasema tangu azaliwe hajamsikia mama yake anamwambia mtu karibu. Watu wanagonga wee, yeye anainuka kimya kimya anawafungulia."

"Ndiyo maringo gani hayo?" Chausiku akauliza.

"Maringo wapi, mama. Walikimbilia huku kutoka ng'ambo ya ziwa. Baba yake Anwar alikuwa katibu wa chama. Mtu akaja mchana akapiga hodi, Bi Hija yuko uani anakaanga samaki, Anwar mwenyewe yuko mgongoni. Akaitikia karibu. Anakuja kuingia na sahani, mume ameshapigwa risasi. Hata sura ya mtu hakuiona, sauti tu. Basi anasema yeye ndiye aliyemkaribisha muuaji."

"Lahaula!" Chausiku akaacha ungo. "Maskini mwanamke wa watu."

Talha aliinuka akaenda chooni akatapika. Wakasema ni samaki wa jana.

Tangu jioni hiyo hofu ilikaa naye sahani moja. Polisi hakuwaogopa, uzee umeshamfika, na jela ni nyumba tu. Alimwogopa Najma. Bi Hija akiijua sauti yake, ndoa imekufa, na mwanawe atajua mikono iliyomlea ilifanya nini. Avunje uchumba? Aseme sababu gani? Akajipa moyo kwamba ananong'ona, na kwamba wakwe wanawake hukaa na wanawake, na siku ya ndoa atasema maneno ya kuozesha msikitini, wanaume watupu. Alikuwa karibu kabisa kupona. Kisha Bi Hija akateleza uani kwake Tandika, akavunjika mguu.

Chausiku alikwenda kumjulia hali na shoga zake, akarudi, akaenda tena. Talha kila siku alikuwa na gunia la kupima, na kiuno kinamuuma. Mpaka Chausiku akafura.

"Baba Najma, mwanamke wa watu kaniuliza waziwazi, 'mkwe wangu mwanamume mbona simwoni?' Nimwambie nini? Unamwozesha mwanao kwenye nyumba ambayo hata mgonjwa wao hukumwona? Unatutia aibu! Kesho unakwenda, na kiuno chako hicho hicho."

Kesho yake akaenda na kifurushi cha matunda kwenye mfuko wa karatasi. Alipanga afike asubuhi, lakini bodaboda ikapata pancha Vingunguti, na alipofika Tandika adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha na harufu ya vitunguu imejaa uchochoro mzima. Ndipo alipojiangalia. Mchana kweupe, saa ya chakula, shati Chausiku amelipiga pasi, mfuko wa karatasi mkononi. Akashika ukuta.

Mlango ulikuwa wa chuma, umefungwa. Akagonga kwa kidole. Kimya. Akakohoa. Kimya. Mwanamke wa jirani aliyekuwa anafua akampigia kelele, "Gonga kwa nguvu, mzee, yupo! Ila usingoje kujibiwa, huyo hajibu." Akanong'ona hodi, mlango wa chuma ukaimeza. Na ndani akasikia mafuta yanalia kwenye kikaango.

Sijui nikuelezeje. Hakukusudia. Koo lilifunguka lenyewe, na sauti iliyozikwa miaka yote ikatoka nzima, haina kutu. "Hodi, hodi, wenyewe!"

Yule jirani akainua kichwa kwenye beseni. Ndani kikaango kilitolewa motoni, ule mlio ukafa. Talha angeweza kuondoka. Kanuni ilimruhusu, hakuna aliyejibu. Alikuwa ameshageuza mguu.

"Karibu," Bi Hija akasema. "Sukuma, haujafungwa kwa ndani."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, mguu wenye plasta ameunyoosha, gongo liko kando. Mwanamke mwembamba, mtandio mweupe. Hakumtazama. Alikuwa anaangalia samaki kwenye kikaango.

"Mama Najma alinipigia simu kwamba mkwe wangu anakuja leo," akasema. "Shikamoo simpi mtu niliyelingana naye. Kaa."

Talha akakaa. Mfuko wa matunda akauweka sakafuni, mbali na mkono wake.

"Sura yako sikuijua," Bi Hija akasema. "Nilijiambia nitakutana naye njiani nipishane naye, nimpe na nafasi kwenye gari, nisijue. Lakini sauti haizeeki. Nimekungoja, mwanaume wewe. Niliacha kuitikia watu wote ili nisije nikamkaribisha mwingine, na leo nimekuitikia kwa kuwa nina neno la kukuuliza."

"Nipigie kelele," Talha akasema. Hakunong'ona, hakukuwa na haja tena. "Waite watu."

"Nyamaza. Nitakuuliza mara moja tu." Sasa akamtazama, macho makavu kabisa. "Siku ile. Mume wangu alikuwa hapendi kusumbuliwa wakati wa kula, asingejibu. Mimi ndiye niliyejibu. Ningenyamaza, ungeondoka?"

Ukweli Talha alikuwa nao mdomoni. Angeondoka. Angeita mara tatu, angegeuka, na katibu angekula samaki wake. Kanuni ile ndiyo kitu pekee alichobakiza, ndiyo iliyomwambia kwamba hakuwa mnyama, na ndiyo iliyomlinda kila mchana nyumbani kwake. Akamwona mwanamke yule alivyouma midomo, akaona miaka aliyoikaa nyuma ya mlango wa chuma bila kumwambia kiumbe karibu. Huruma ikamjia, na ilikuwa mpya kwake, ikamuuma kama jino.

"Ningeingia," akasema. "Mlango ulikuwa wazi. Mimi sikuwahi kungoja mtu anikaribishe. Nilikuwa naita tu, kisha naingia. Ujibu, usijibu, ningeingia."

"Apa."

"Wallahi."

Bi Hija akafunika uso kwa mtandio. Alilia kwa sauti, bila aibu, kilio cha mtu anayetua mzigo na kugundua mabega yamechubuka. Talha akakaa akitazama mikono yake. Alipomaliza, akajifuta, akarudisha kikaango motoni.

"Mwanangu hajui, na kwangu hatalijua. Binti yako nimempenda, hana kosa. Waoane. Wewe ukishamwozesha, nisikuone. Na chakula changu sikupi." Mlangoni mtu akagonga, ni yule jirani, umbea umemzidi. Bi Hija akanyoosha shingo, akaita kwa nguvu mpaka sauti ikamkatika: "Karibuuu! Pita ndani!" Jirani akabaki ameduwaa kizingitini, povu la sabuni linamdondoka mikononi.

Ndoa ikafungwa. Msikitini Talha alimshika Anwar mkono akamwambia, "Nimekuoza binti yangu Najma," na watu wakageuka kutazama nani mwenye sauti nzuri namna ile. Chausiku alipohadithiwa akashangilia, kumbe koo limepona, tumshukuru Mungu! Na kweli, tangu alipotoka Tandika hodi haikusikika tena. Siku zikapita, saa ya chakula inakuja na kuondoka. Talha akaanza kunenepa. Akaanza hata kuulizia bei ya mlango.

Siku moja Chausiku alikwenda kwa Najma kumpelekea viungo vya pilau. Talha akajipakulia wali na mchicha, akaketi sebuleni. Nje jua kali, mihogo ya Apolonia inanukia, mtaa umetulia.

"Hodi, hodi, wenyewe!"

Talha akaweka tonge chini, akafunga mdomo, akauma meno kama alivyozoea, akangoja iite mara ya pili. Haikuita. Alisikia hatua zikisogea mchangani, zikapanda kizingiti. Akakumbuka alichoapa Tandika.

Pazia likafunuliwa kutoka nje, na yeye hakuwa amesema karibu.